Wakili ndiyo, lakini nenda na karatasi zako

Nimesoma makala inayoshauri anayetaka talaka amwone wakili mapema. Sawa kabisa. Ila suala la watoto limeguswa juu juu, na ndilo linalowatoa watu jasho.

Nilimsindikiza dada yangu kwenye shauri lake. Hakimu wala hakuhangaika sana na nani alimkosea nani. Aliuliza: nani humpeleka mtoto hospitali? Nani huitwa shuleni akiugua? Analala wapi? Kipimo ni maslahi ya mtoto, na hilo limo kwenye kifungu cha 3 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989. Kifungu cha 12 kinataka mtoto anayeweza kutoa maoni yake asikilizwe. Kwa hiyo tafuteni cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, risiti za ada na kadi za hospitali kabla ya kugonga mlango wa wakili. Wengine wanakwenda na hasira tu.

Malipo muulizeni siku ya kwanza, ayaandike. Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria. Vyuo vya sheria na vyama vya mawakili mara nyingi husaidia bure.

Na zile meseji za matusi za usiku wa manane, jamani! Zinachapishwa na kuwekwa mezani kama ushahidi. Dada alisomewa zake neno kwa neno, mama mkwe amekaa nyuma.

Halafu msimhamishe mtoto kimyakimya. Ombeni mahakama amri ya muda ya malezi, yaani ya nani akae na mtoto wakati kesi ikiendelea.