Bibi wa Gurdaspur hajachanganya mambo

Kuna bibi anayekumbuka bendera ya Pakistan ikipepea Gurdaspur, wilaya ambayo leo iko India, mwaka 1947. Mnaosema kakosea, angalieni tarehe. Uhuru ulikuja 15 Agosti 1947, lakini mpaka wa Radcliffe, uliotenganisha India na Pakistan, ulitangazwa 17 Agosti. Kabla ya hapo, kwa mgawanyo wa muda, wilaya nzima ilihesabiwa ya Pakistan, kwa kuwa Waislamu walizidi nusu, tena kidogo tu. Kisha tarafa tatu kati ya nne zikapewa India. Shakargarh pekee, ng'ambo ya mto Ravi, ikabaki Pakistan. Murshidabad, wilaya ya Bengal, nayo ilihesabiwa ya Pakistan siku hizo, kisha ikapewa India.

Anayemhoji mzee asing'ang'anie tarehe, hapo ndipo wengi huteleza. Aulize: ilikuwa kabla ya Idi au baada? Mwaka ule Idi el-Fitri iliangukia 18 Agosti, siku moja baada ya mpaka kutangazwa.