Ukinyamaza Kinafunguka

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Nikiombwa chumvi mezani, chumvi hufika baada ya maelezo yake. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nilionewa jioni ile.

Kilichoniponza ni hadubini ndogo ya mtumba, ile ya kuwekea simu juu yake na kurusha picha kwenye televisheni. Wiki ya kwanza nilichungulia kila kitu: mguu wa mende, ukucha wangu, kola ya shati langu (hiyo najuta). Wiki ya pili nikaingia kwenye kuvumwani, ule ujani mfupi, laini kama zulia, unaoota kwenye mawe na kuta zenye maji. Wangu niliuokota nyuma ya nyumba, pale tunapochomea takataka. Binti yangu wa miaka minane akamkimbilia mama yake: "Mama, baba anaokota jalala!"

Halikuwa jalala. Ilikuwa Funaria hygrometrica, kuvumwani inayopatikana karibu kila pembe ya dunia na inayopenda sana ardhi iliyoungua. Hilo jina lake la pili linatokana na kupima unyevu, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alikwishaliona jambo hilo alipouandika mmea huu mwaka 1753. Kuvumwani haina ua wala mbegu. Huchomoza kijiti chembamba, na juu ya kijiti kuna kibuyu kidogo kilichoinama kama mtu anayesinzia kikaoni. Ndani ya kibuyu mna spora, vumbi jepesi ajabu la kuotesha mimea mipya. Kibuyu kikikomaa kifuniko hudondoka, na mdomoni hubaki meno: 16 safu ya nje, 16 safu ya ndani.

Sasa utamu uko kwenye hayo meno. Hewa ikikauka, meno ya nje hujipinda na kuachia nyufa, kijiti nacho hujisokota na kukitikisa kibuyu, vumbi likatoka kidogo kidogo na kuchukuliwa na upepo. Hewa ikilowa, meno hunywa unyevu na kuziba mdomo. Akili tupu! Spora zikitoka kwenye hewa ya majimaji hushikana na kuanguka miguuni pa mama yao. Kwenye hewa kavu zinasafiri.

Adhuhuri moja nilijaribu peke yangu. Jua dirishani, nyumba kimya. Nyufa zilifunguka mbele ya macho yangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikasisimka mwili. Kosa langu likaanzia hapo: nikawaalika watu.

Jioni walikuja mama mkwe, shemeji zangu wawili na mkewe mmoja wao. Madirisha tuliyafunga kwa sababu ya mbu. Watu saba ndani ya sebule ndogo, kila mmoja anapumua bila kinyongo. Hilo sikulifikiria hata chembe. Kibuyu kikatokea kwenye televisheni kikubwa kama kichwa cha ng'ombe, na meno yake, nashukuru, yalikuwa wazi.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "angalia mdomo huo. Sasa nitakueleza unavyofanya kazi." Nikainama juu ya hadubini ili nikisogeze vizuri, kidevu changu kikiwa vidole viwili kutoka kwenye kibuyu, nikaanza.

Meno yakafunga.

Si polepole. Yalifunga kama mlango wa mtu unayemdai. Na kama haitoshi, kijiti kikaanza kujisokotoa, na kibuyu kizima kikageuka kikanipa kisogo mbele ya wakwe zangu.

"Kimekasirika," shemeji mkubwa akasema.

"Hapana shemeji, kimepata mtikisiko." Nikasimama, nikajifuta jasho, nikakaa kimya nikitafuta cha kusema. Meno yakafunguka. "Ehee! Mnaona?" Nikainama tena. "Haya, kama nilivyokuwa nasema, spora hizi—" Yakafunga.

Ilikwenda hivyo mara tano. Kila nikiinama na hotuba, kinafunga. Kila nikinyoosha mgongo kwa aibu, kinafunguka. Nililaumu taa. Nililaumu simu. Nilimlaumu shemeji mdogo kwa kutikisa mguu, naye akautuliza kwa heshima, kibuyu kikafunga vilevile. Ndipo binti yangu, aliyekuwa amelala kifudifudi sakafuni akitazama televisheni bila kutia neno, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, ukinyamaza kinafunguka."

Sebule ikawa kimya. Na ndani ya kimya kile, kwenye kioo kikubwa, ufa mmoja ukafunguka. Kisha wa pili. Kisha zote.

Sijawahi kumwona mama mkwe akicheka namna ile. Alishika mbavu, miwani ikamteleza. Mke wangu hakucheka mwanzoni. Aliniangalia kwa utulivu wa mtu ambaye kesi yake ya miaka kumi na moja hatimaye imepata shahidi. "Kumbe hata majani yanajua," akasema.

Jibu lilikuwa wazi, na mimi ndiye niliyekuwa nalihubiri bila kulisikia. Pumzi ya mtu imejaa mvuke. Nilikuwa nakitemea kibuyu hali ya hewa ya masika, halafu nakishangaa kwa kufunga mlango. Kinachouma zaidi ni kwamba yale meno hayana uhai. Ni kuta tupu za seli zilizokufa, hazina msuli wala mshipa. Kila jino lina tabaka mbili, moja hunywa unyevu na kuvimba kuliko mwenzake, basi jino linapinda. Hakuna anayeamua lolote mle ndani. Nilishindwa mjadala na maiti.

Mtu mwenye busara angefungia hapo. Mimi nikakimbilia chumbani nikarudi na draya ya mke wangu.

"Tatizo ni unyevu," nikatangaza, safari hii nikiwa mbali, mkono puani kama daktari wa upasuaji. "Tutaukausha." Nikaona kibuyu kimoja ni ubahili, nikalipanga fungu zima la kuvumwani juu ya sahani nyeupe, vibuyu labda arobaini, vyote vimekomaa. Mke wangu alisema jina langu mara moja tu, kwa ile sauti ya mwisho. Nikawasha.

Niseme kwa haki: nadharia ilikuwa sahihi. Meno yalifunguka yote. Ila maumbile yalikusudia kijiupepo cha kawaida, kinachomwaga kidogo leo na kidogo kesho, siyo mashine ya saluni kwenye nguvu ya tatu. Sahani ikafuka. Vumbi la kahawia likapaa, likazunguka taa, likatua kwenye miwani ya mama mkwe, kwenye kilemba cha wifi yake mke wangu, na kwenye chungu cha maua pale dirishani. Lililobaki nililivuta mimi, kwa sababu nilikuwa nimeondoa mkono puani ili niseme "Mnaona?"

Nilipiga chafya. Moja, kubwa, ya kutoka tumboni, moja kwa moja kwenye sahani.

Shemeji mkubwa akaelekeza kidole kwenye televisheni. Hadubini ilikuwa bado inarusha picha. Kibuyu chetu cha kwanza, kilichokuwa wazi kwa raha zake, kilikuwa kimelowa, kimefumba meno na kunigeuzia kisogo kwa mara ya mwisho usiku ule.

Wakati wa kuwasindikiza nilijaribu kuokoa heshima. Nilianza kumsimulia mama mkwe habari za Sphagnum, kuvumwani ya kwenye mabwawa ya peti (udongo wa mimea iliyooza nusu), ambayo kibuyu chake cha duara kikikauka hubanwa mpaka kikawa kirefu, hewa ya ndani ikashindiliwa, kifuniko kikapasuka na spora zikarushwa juu sentimita kumi na zaidi. Yaani bunduki ya hewa kabisa, mama, na huchagua siku ya jua kali kufyatua! Alinisikiliza kwa upole, akifuta miwani kwa ncha ya khanga. Kisha akamwuliza mjukuu wake, "Na hicho nacho kinafunga baba yako akiongea?"

Binti yangu alifikiri kwa dhati. "Hicho kinapasuka," akajibu.

Ilipita kama mwezi. Asubuhi moja mke wangu akaniita dirishani. Juu ya udongo wa chungu chake cha maua palikuwa na utando wa kijani, nyuzinyuzi nyembamba, na hapa na pale vichipukizi vidogo vya majani. Siwezi kuapa vilitoka wapi, lakini spora ya kuvumwani ikiangukia pabichi huanza hivyohivyo, kwa nyuzi, ndipo mmea wenyewe uchipue juu yake.

"Baba watoto," akasema, "hiki ni nini?"

Moyo ukanidunda kwa furaha. Nikavuta pumzi ndefu ili nianze mwanzo kabisa.

Akanyanyua draya.