Kruger ruksa, Mandela bado

Jijini Pretoria, katikati ya uwanja wa Church Square, ipo sanamu ya Paul Kruger, rais wa jamhuri ya Makaburu. Aliyeichonga, Anton van Wouw, alifariki mwaka 1945. Nje kidogo ya jiji, juu ya kilima, lipo Voortrekker Monument, jumba la mawe lililojengwa kuwatukuza Makaburu waliohamia bara na kutwaa ardhi. Lilizinduliwa tarehe 16 Desemba 1949, na msanifu wake, Gerard Moerdijk, alifariki mwaka 1958. Kisha, mbele ya Union Buildings, makao ya serikali, amesimama Nelson Mandela wa shaba, kimo mita 9, mikono ameitandaza kama anayetaka kulikumbatia jiji zima. Naye alizinduliwa tarehe 16 Desemba, mwaka 2013, siku moja tu baada ya kuzikwa kijijini kwao Qunu. Tarehe hiyo haikuokotwa. Chini ya ubaguzi wa rangi ilikuwa sikukuu ya Makaburu kukumbuka ushindi wao dhidi ya Wazulu mwaka 1838. Tangu uhuru ni Siku ya Maridhiano.

Sasa tuipitishe sheria ya hakimiliki juu ya makumbusho hayo matatu. Afrika Kusini hulinda kazi ya sanaa kwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na katika muda huo kuchapisha picha yake kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Sanamu ya Kruger imekuwa huru tangu 1996. Jumba la Voortrekker, kwa sura yake ya nje, tangu 2009. Ya Mandela itabaki imefungwa kwa miongo mingi ijayo. Hata tukisema haki ni ya serikali iliyoiagiza, bado ni miaka 50 tangu ilipotolewa hadharani.

Yaani ukitaka kuandika mtandaoni historia ya Pretoria kwa picha, na ukaamua kuifuata sheria kikamilifu, unaruhusiwa kuwaonyesha watawala wa zamani na unakatazwa kumwonyesha aliyewashinda. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo, lakini ndivyo inavyotokea, na itatokea popote ambapo mashujaa wapya wamejengewa sanamu juzi huku wakoloni wakiwa na sanamu za karne iliyopita.

Sheria yenyewe ni namba 98 ya mwaka 1978. Kifungu chake cha 15 kinaruhusu sanamu iliyowekwa barabarani au uwanjani kuonekana kwenye filamu na matangazo ya televisheni. Picha ya kawaida, jinsi kifungu hicho kinavyosomwa na wengi, haimo. Mpiga filamu apita, mwenye simu yake mkononi anaambiwa akaombe ruhusa.

Mwaka ule wa 1978 unanigusa kama Mtanzania. Wakati Bunge la watu weupe watupu lilipokuwa likipitisha sheria hiyo, ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walikuwa wakianzisha shule pale Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge walilopewa na serikali yetu, kwa ajili ya vijana waliokimbia risasi za polisi wa Makaburu walioua wanafunzi wa Soweto mwaka 1976. Baadaye shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji kijana wa ANC kutoka Mamelodi, kitongoji cha Pretoria, aliyenyongwa na serikali ya ubaguzi tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine yenye jina lake. Kule kwao Mamelodi amesimamishiwa sanamu. Mwalimu wa Morogoro anayetaka kuwaandalia wanafunzi somo la mtandaoni kuhusu kijana huyo inabidi kwanza amtafute mwenye haki ya sanamu, nchi nyingine, kwa lugha ya mawakili. Wengi wataiacha picha, na wanafunzi watamsoma Mahlangu bila kumwona.

Najua jibu ninalopewa kila mara: mbona watalii wanajipiga picha pale Union Buildings kutwa nzima, wanazipandisha Instagram, na hakuna aliyeshtakiwa? Ni kweli. Ila sheria isiyomgusa asiyeijali humwangukia anayeiheshimu. Wikimedia Commons, ghala linalolisha Wikipedia picha, hufuta picha za sanamu za Afrika Kusini zinazobanwa na sheria hii. Mchapishaji wa vitabu vya shule hawezi kujiegemeza kwenye "hakuna atakayeuliza". Mkutubi hawezi. Kumbukumbu ya Afrika inayodumu mtandaoni inatunzwa na watu wa namna hiyo, na ndio waliofungwa mikono.

Na wasanii je? Nawatetea kwa dhati. Lakini tazama yaliyowapata wachongaji wa Mandela huyo huyo, André Prinsloo na Ruhan Janse van Vuuren. Hawakuruhusiwa kutia saini yao kwenye sanamu, wakachonga kasungura kadogo ndani ya sikio la Mandela kuwa alama yao. Kalipogunduliwa mwaka 2014, serikali ikaamuru kaondolewe. Hakimiliki yote hiyo haikuwapa hata nafasi ya jina. Mchongaji wa sanamu ya umma hulipwa anapoagizwa kazi, kwa fedha za walipa kodi. Anachostahili baada ya hapo ni kutajwa kila picha yake inapotumika, na kubaki na haki juu ya vinyago vinavyofyatuliwa kwa mfano wa kazi yake. Picha ya mpita njia haimnyang'anyi lolote.

Majirani zetu wameliona hili. Sheria ya Kenya inaruhusu kunakili na kusambaza kazi ya sanaa iliyowekwa mahali umma unapoweza kuiona, kwa hiyo picha ya sanamu ya mpigania uhuru Dedan Kimathi iliyoko Nairobi inasambaa bila kikwazo. Uganda iliandika ruhusa kama hiyo mwaka 2006. Uingereza nayo imeruhusu siku nyingi.

Afrika Kusini wanao muswada wenye kifungu cha kuruhusu matumizi ya sanaa iliyo mahali pa umma. Bunge liliupitisha mwaka 2019, Rais Ramaphosa akaurudisha mwaka 2020, ukapitishwa tena mwaka 2024, naye akaupeleka Mahakama ya Katiba. Ugomvi mkubwa uko kwenye vifungu vingine kabisa, vya mirabaha na vya "fair use", yaani kutumia kazi ya mtu kwa kiasi kinachokubalika bila kumwomba ruhusa. Ningekuwa mbunge wa kule, ningekichomoa kifungu hiki kimoja nikakipeleka peke yake. Na nisingekubali kipunguzwe kama walivyofanya Wafaransa mwaka 2016, waliporuhusu picha kwa watu binafsi tu na pasipo biashara yoyote. Kwa masharti hayo mchapishaji wa vitabu bado yuko nje, na kijana wa Mamelodi anayetaka kuuza kadi zenye picha ya Mahlangu yuko nje pia.