Muhuri wa benki si fedha

Nimesoma habari ya fundi wa Lindi aliyelizwa kwa hundi feki, imeniuma, maana dada yangu naye yalimkuta.

Anabangua korosho Newala. Mnunuzi alimwandikia hundi ya shilingi 3,200,000 kwa mzigo wa 2,000,000, eti kakosea, kwa hiyo inayozidi amtumie dereva kwa simu. Dada akapeleka hundi benki, akapewa karatasi yenye muhuri, salio likapanda. Akatuma 1,200,000, mzigo ukapakiwa. Siku ya nne anaambiwa hundi imerudi bila kulipwa. Benki ikarudisha salio lilivyokuwa, simu ya dereva haipatikani.

Ndugu zangu, ule muhuri maana yake hundi imepokelewa tu. Fedha si zako mpaka benki ya mwandikaji ikubali kuilipa, na salio lililopanda linaweza kushushwa. Muulizeni karani waziwazi: "Hundi hii imeshalipwa na benki yake?" Kabla hajasema ndiyo, mzigo ubaki stoo, hata kama gari linanguruma mlangoni. Na anayelipa zaidi kisha anataka chenji haraka, mkatalieni hapohapo.

Korosho zile zilikuwa za kikundi cha akina mama kumi na wawili. Dada bado anawalipa kidogokidogo.