Ushairi wa Sudan unaotafsiriwa, na ule unaoachwa

Picha ya Alaa Salah ilizunguka dunia nzima. Tarehe 8 Aprili 2019, mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum, binti huyo wa miaka 22 alisimama juu ya gari akiwa amevaa thobe nyeupe, vazi la kujitanda la wanawake wa Sudan, kidole kaelekeza juu, umati umemzunguka na simu zinamrekodi. Siku tatu baadaye Rais Omar al-Bashir akang'olewa madarakani. Wengi walioisambaza picha hiyo hawakujua kwamba binti yule alikuwa anaghani shairi, na kwamba kila mshororo ulipokwisha watu waliitikia kwa pamoja: "Thawra!", yaani mapinduzi. Mshororo mmoja uliovuma mno siku zile, wa mshairi Azhari Mohamed Ali, ulisema risasi haiui, kinachoua ni ukimya wa watu. Picha ilivuka mipaka ndani ya usiku mmoja. Ushairi wenyewe haukufika mbali.

Ushairi wa Sudan uliofanikiwa kufika nje una sura nyingine. Mtazame Al-Saddiq Al-Raddi, mzaliwa wa Omdurman wa mwaka 1969, anayeandika kwa Kiarabu fasaha (kile rasmi cha maandishi), mashairi huru ya sauti ya chini. Yeye alifikishwa kwa wasomaji wa Kiingereza na Poetry Translation Centre, kituo kilichoanzishwa London mwaka 2004 na mshairi Sarah Maguire. Pale kazi hufanywa na watu wawili: mjuzi wa Kiarabu huandaa tafsiri ya neno kwa neno, kisha mshairi wa Kiingereza, ambaye huenda Kiarabu hakijui kabisa, hukaa naye wakaifanyia kazi mpaka isomeke kama shairi.

Wanaoupinga utaratibu huu wana hoja nzito. Asiyejua lugha hasikii mzaha, hasikii aya ya Qur'ani iliyojificha ndani ya mshororo, na akipotoka hana njia ya kujigundua. Huwataja watu kama Denys Johnson-Davies, aliyeifasiri peke yake riwaya kuu ya Msudani Tayeb Salih ya 1966, Msimu wa Kuhamia Kaskazini, na kuitoa kwa Kiingereza mwaka 1969. Hadi leo inasomwa. Ni kweli, ila riwaya ina kisa, na kisa hustahimili safari. Shairi likifasiriwa na mjuzi wa lugha asiye na sikio la ushairi, kinachobaki ni maelezo ya shairi. Kwa hiyo mimi nasimama na watu wawili mezani, mradi yule mjuzi wa Kiarabu awe na kauli ya mwisho kuhusu maana.

Kinachonisumbua zaidi ni uchaguzi. Mahjoub Sharif, mwalimu wa shule aliyefungwa mara nyingi chini ya Rais Nimeiri na tena chini ya Bashir, ndiye Wasudani waliyemwita mshairi wa watu. Alipofariki mwaka 2014, mashairi yake yalikuwa vichwani mwa watu ambao hawajawahi kununua diwani. Lakini aliandika kwa Kiarabu cha mtaani, na ukimtafuta katika tafsiri utapata kidogo sana. Sababu zinaeleweka: kamusi hazisaidii, na hata mfasiri kutoka Misri au Shamu hukwama. Tena wapo wanaosema, kwa nia njema kabisa, kwamba ushairi huo ni wa sauti na uwanja, ukiuweka kwenye karatasi unakauka.

Ni lazima niwatendee haki wanaochagua Kiarabu fasaha: si kwamba Kiarabu fasaha ni cha vitabuni tu. Mashairi ya Muhammad al-Fayturi na Mohammed el-Makki Ibrahim kuhusu mapinduzi ya Oktoba 1964 ni ya fasaha, na mwimbaji Mohammed Wardi alipoyaimba, nchi nzima iliyashika. Lakini hilo linaidhoofisha hoja kwamba ushairi wa sauti hukauka kwenye karatasi. Hata hayo yaliishi kwa sauti, na bado hakuna anayesema yasitafsiriwe.

Kwa Kiswahili hoja hiyo haina uzito hata kidogo. Karne nyingi zilizopita Aidarus bin Uthman aliichukua Hamziya, shairi la Kiarabu la al-Busiri la kumsifu Mtume, akauwekea kila mshororo wa Kiarabu mwenzake wa Kiswahili, na watu wakaisoma kwa sauti. Lugha yetu imezoea ushairi wa kughaniwa na wenye kiitikio. Mahjoub Sharif angeingia humo kwa urahisi kuliko anavyoingia katika mashairi huru ya Kiingereza, na kumpitisha kwanza London ni kumpoteza mara mbili.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Kwa miongo mingi vijana wa Kenya, Tanzania na Uganda wamesoma Khartoum, hasa katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, na Kiarabu chao hakikuishia darasani. Walinunua ful, maharage ya kupikwa, asubuhi, walibishana na makondakta wa mabasi. Vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 viliwarudisha wengi nyumbani, na vikawaleta Wasudani wenyewe Kampala na Nairobi. Sasa mshairi wa Omdurman na mwalimu wa Kiswahili aliyesomea Khartoum wanaweza kuwa wanakaa mji mmoja. Wachapishaji wetu wawatafute, wawalipe wote wawili, na kitabu cha kwanza kiwe na Kiarabu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili.