Picha haipimi ganzi
Eti picha ya simu inamtosha daktari wa mtandaoni kutambua tatizo lolote la ngozi, kama makala moja kuhusu matibabu ya mtandaoni inavyodai? Kwa chunusi, au pumu ya ngozi iliyokwisha kutambuliwa na sasa inafuatiliwa tu, nakubali kabisa. Ila piga picha mchana karibu na dirisha, bila flashi wala kichujio, ngozi isiwe na mafuta: moja ya mbali, nyingine umbali wa sentimita 20 hivi, rula ikiwa pembeni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kama zambarau au kijivu, na simu nyingi hung'arisha rangi zenyewe, kwa hiyo andika panapowasha na tangu lini. Lakini baka lililopauka lazima liguswe kwa ncha ya pamba, mgonjwa amefumba macho. Likiwa na ganzi, huenda ni ukoma. Doa jeusi linalokua unyayoni nalo hutaka kinyama kidogo kikatwe, kikapimwe maabara. Na choa kilichopakwa krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) hupoteza ukingo wake, picha ikadanganya. Hapo njia ya kuhakikisha ni kukwangua magamba yakaangaliwe kwa hadubini. Huko kwenu, daktari wa mtandaoni huuliza umeshapaka nini kabla hajaandika dawa?