Mkono Unapochelewa Kuliko Akili

Katika darasa la jioni ninalofundisha watu wazima Historia na Kiswahili, alikuwepo mama mmoja, fundi cherehani, ambaye kiharusi kilimwachia mkono wa kulia usio na nguvu. Alijifunza kuandika upya kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mkono wa pili haukuweza kushikilia karatasi, alikuja darasani na mkasi wake wa kazi, ule mzito wa chuma, akaulaza juu ya ukingo wa karatasi isicheze. Kila alipomaliza mistari minne au mitano aliuinua, akaisogeza karatasi, akaurudisha mkasi. Ukimuuliza kwa mdomo sababu za Vita vya Majimaji, alikueleza kwa mpangilio ambao wengi wetu tungeutamani. Akiandika maelezo hayohayo, alihitaji karibu mara mbili ya muda wa wenzake.

Siku ya mtihani wa Kidato cha Nne, aliofanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, msimamizi alimzuia kuingia na mkasi. Simlaumu msimamizi yule, kwa sababu hakuwa na maandishi yoyote ya kumweleza mkasi ule ni wa nini. Mama aliizuia karatasi kwa kiwiko, na kengele ilipolia insha mbili zilikuwa hazijaguswa.

Jambo linaloniuma ni kwamba utaratibu wa kumsaidia upo. Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likielekeza kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, maana yake ni kwamba karatasi ya saa tatu ya Historia ingekuwa ya saa tatu na nusu kwake. Mtoto aliye shuleni ana mwalimu mkuu anayemfahamu na kupeleka taarifa zake mapema. Mtu mzima anakwenda kujiandikisha peke yake, mara nyingi akiwa ameomba ruhusa kazini, analipa ada, anapewa namba, anaondoka. Kituoni alikojiandikisha mama yule hakuna aliyemuuliza kuhusu mkono wake, naye hakusema, kwa kuwa mtu aliyelea watoto wake kwa cherehani haoni wepesi kusimama mbele ya karani mwenye umri wa mwanawe na kuanza kueleza udhaifu wa mwili wake.

Nimewahi kuambiwa na mwalimu mwenzangu kwamba muda wa ziada ni upendeleo. Nakataa. Mtihani wa Historia unapima kama mtu anaijua historia na anaweza kuijengea hoja. Haupimi mwendo wa vidole. Kama tungekuwa tunatahini upigaji chapa, ambako kasi yenyewe ndiyo inayopimwa, ningekubali kwamba hoja hiyo ina uzito.

Hata hivyo, dakika peke yake hazitoshi, na hapa ndipo ningependa wahusika watulie kidogo. Mtu ambaye misuli yake huchoka au mgongo wake huuma akikaa, ukimwongezea nusu saa bila kumruhusu kupumzika, umemwongezea nusu saa ya maumivu. Huyo anahitaji mapumziko ambayo hayahesabiwi katika muda wake wa mtihani. Asiyeweza kushika kalamu kabisa anahitaji mtu wa kumwandikia anayoyatamka, na wawe katika chumba chao ili sauti isiwafikie wengine. Anayetumia kiti mwendo anahitaji chumba cha chini, meza ambayo magoti yanapita, na choo anachoweza kuingia. Nimeona mtahiniwa anayeacha kunywa maji tangu usiku kwa kuogopa choo cha kituo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja elimu ya watu wazima waziwazi katika Ibara ya 24, na mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo ninachoomba si sheria mpya. Naomba kila kituo kimuulize kila mtahiniwa wa kujitegemea, kwa maandishi na kwa faragha, anahitaji nini ili afanye mtihani, na jibu lake limfikie msimamizi kabla ya siku yenyewe.

Mama amejiandikisha tena. Safari hii tulikwenda wote wawili, tukaacha nakala ya cheti cha daktari pamoja na barua ya kuomba muda wa ziada, mapumziko mafupi, na ubao wenye kibanio cha karatasi, ili mkasi wake ubaki nyumbani.